Nina ofisi ya kompyuta Mtwara, nataka kuwa msajili wa domeni. Nikalipie uanachama ICANN?

"Shikamoo kaka. Nina kaofisi ka stationery na kompyuta hapa Mtwara mjini, na natengeneza website pia. Nina wateja kama sitini hivi, guest house za Shangani na Mikindani, shule binafsi chache, AMCOS za Newala na Tandahimba, wote nawasajilia domeni kwenye kampuni moja ya nje kwa kadi yangu. Nimechoka kuwa mtu wa kati, nataka niwe registrar kamili nipate bei ya chini, niuze .com na .co.tz kwa jina langu. Kuna mshauri yuko Dar kaniambia ICANN ina uanachama, nikimpa milioni tatu atanipatia cheti ndani ya mwezi mmoja na hapo nitaruhusiwa kusajili domeni yoyote duniani ikiwemo .tz. Nimeshampa laki tano ya kuanzia. Kampuni sina, nina jina la biashara la BRELA na TIN. Je nina sifa? Na hicho cheti kina faida gani?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, hiyo milioni mbili na nusu iliyobaki usiitoe, hata akikupigia leo jioni akakwambia dirisha linafungwa kesho. Alichokuuzia hakipo. ICANN, ile taasisi inayoratibu majina ya intaneti duniani, haina cheti cha uanachama ambacho mtu akikilipia anapata haki ya kusajili domeni, na hata kile kitu halisi kinachofanana na hicho hakipatikani kwa jina la biashara wala kwa mwezi mmoja, na hakigusi .tz kabisa. Laki tano tutairudia baadae, ngoja kwanza nikueleze mambo yalivyo maana swali lako lina vitu vitatu vimechanganywa na huyo bwana amekula hapohapo kwenye mchanganyiko.

Kitu cha kwanza ni ithibati, yaani kampuni kukubaliwa na ICANN kuwa msajili. Cha pili ni uanachama, yaani kuingia kwenye kundi la wasajili ambao tayari wana ithibati. Cha tatu ni ruhusa ya kusajili majina ya .tz, ambayo inatolewa hapahapa kwetu. Angalia bodaboda pale stendi: leseni yake ya udereva ni jambo moja, kijiwe chake chenye katiba na kiingilio ni jambo lingine, kijiwe hakiwezi kukupa leseni na ukienda kuomba kijiwe bila leseni wanakurudisha. Mshauri wako anakuuzia kijiwe afu anakuambia ni leseni.

Sasa tuingie ndani kidogo ujue hela yako inapita wapi unapomsajilia mteja. Kila mwisho wa domeni una mwenye daftari lake kuu, huyo tunamuita rajisi. Daftari la .com lipo kwa Verisign ya Marekani, la .org lipo kwa taasisi inaitwa PIR, la .tz lipo chini ya mkono wa TCRA, ndo ile rajisi ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la tzNIC. Rajisi haimuuzii mwananchi moja kwa moja, inawauzia wasajili, na msajili anaandika jina kwenye daftari kwa njia ya mashine kwa mashine, kwa itifaki inaitwa EPP. Chini ya msajili ndo wapo mawakala, wale wanaouza kwa mgongo wa msajili. Kwahiyo wewe saivi ukikata .com ya guest house, kadi yako inailipa ile kampuni ya nje, ile kampuni kama ni msajili inaiandikia Verisign, na kama nayo ni wakala tu basi kuna mwingine juu yake anayeandika. Wewe wala sio wakala rasmi mdogo wangu, kwenye macho ya mfumo wewe ni mteja mwenye majina sitini, na hilo nitalirudia maana ndo linalonitia wasiwasi kuliko hata hiyo milioni tatu.

Haya, ithibati yenyewe ya ICANN. ICANN ni taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 1998 huko California, na kazi yake ni kuratibu mfumo wa majina ya intaneti. Anayetaka kuwa msajili wa .com, .org, .net na ndugu zao anajaza maombi mwenyewe na kulipa ICANN moja kwa moja dola 3,500 ya maombi, na hiyo hairudi hata ukikataliwa. Ukikubaliwa unasaini mkataba, unaotumika mpaka sasa ni ule wa mwaka 2013 na marekebisho yake, na unadumu miaka 5. Kila mwaka ni dola 4,000, kuna mchango mwingine wanaogawana wasajili kila robo mwaka, na kuna ada ndogo isiyofika robo dola kwa kila jina kila mwaka. Afu uonyeshe una mtaji wa kuendeshea wa angalau dola 70,000. Hiyo huilipi, lakini lazima uthibitishe ipo. Piga dola kwa shilingi 2,500 tu: maombi karibu milioni 8.75, ada ya mwaka milioni 10, na mtaji wa kuonyesha milioni 175. Sasa jiulize milioni tatu ya mshauri ilikuwa inaenda kulipia nini hapo, hata fomu haitoshi.

Na hela ndo sehemu nyepesi. Wanawachunguza wamiliki na wakurugenzi, kama kuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mambo ya udanganyifu wa fedha hapo maombi yanaweza kufa. Wanataka kuona una watu na mitambo ya kufanya kazi. Ukishaingia unabanwa na majukumu ya kila siku: nakala ya taarifa za wateja wako wote inawekwa kwa mtunzaji wa nje ili siku ukifunga duka wateja wasipotee na wewe, unaweka anuani ya kupokea malalamiko ya utapeli na tangu Aprili 2024 lazima uchukue hatua ukipelekewa ushahidi kwamba domeni uliyoisajili inatumika kuibia watu au kusambaza virusi, unahakiki mawasiliano ya mteja mpya ndani ya siku 15 asipojibu unalisimamisha jina au unamhakiki kwa mkono, na kila mwaka unamkumbusha aangalie taarifa zake kama bado ni sahihi. Ukizembea unaandikiwa notisi ya uvunjaji wa mkataba na inawekwa hadharani, na mwisho ithibati inafutwa na majina ya wateja wako yanahamishiwa kwa msajili mwingine.

Tena ithibati peke yake haikupi hata jina moja la kuuza. Baada ya ICANN unaenda kusaini na kila rajisi mkataba wake, Verisign kivyake, PIR kivyake, unapita majaribio ya kiufundi, unaweka hela kwenye akaunti yao au dhamana, ndo wanakufungulia mlango. Na usidhani huko juu bei ni ya kutupa. Septemba 2024 Verisign alipandisha bei ya .com kwa wasajili ikafika dola 10.26 kwa mwaka, na anamuuzia mkubwa na mdogo bei ileile. Tuseme ukiwa msajili utabakiza dola moja zaidi kwa kila jina kuliko unavyobakiza leo. Ili urudishe ile ada ya mwaka ya dola 4,000 tu, bila mshahara wa fundi, bila seva, bila huo mchango wa kila robo, unahitaji majina 4,000. Wewe una sitini, na baadhi ni .co.tz ambazo hazihesabiki humo. Siyo kwamba nakuvunja moyo, nataka siku ukiifuata ithibati ya ICANN uifuate una hesabu mkononi, na siku hiyo inaweza kuja. Wasajili wa kiafrika wenye hiyo ithibati ni wachache mno, na natamani sana kuona mmoja ametokea kusini huku.

Kuhusu uanachama, upo kweli, ila sio wa kununua kwa mtu. Ndani ya ICANN kuna Kundi la Wadau Wasajili, linapiga kura na kutunga sera pamoja na makundi mengine, na sharti lake kubwa la kuingia ni uwe tayari ni msajili mwenye ithibati. Ada yake inalipwa kwa kundi lenyewe. Ukiwa wakala huna kura humo hata uuze majina laki moja. Kampuni ambayo ni rajisi na msajili kwa wakati mmoja inachagua kundi moja la kupigia kura, haiwezi kupiga huku na kule. Kama unachotaka ni sauti, yaani kusikilizwa wanapotunga sheria zinazokugusa, kuna AFRALO ambayo inabeba watumiaji wa kawaida wa intaneti wa Afrika na inapokea hata mtu mmoja mmoja, kuna tawi la Internet Society hapa Tanzania, na mikutano ya ICANN yenyewe iko wazi, unajiandikisha bure unafuatilia kwa simu yako ukiwa hapohapo Mtwara. Juni 2024 walikuwa Kigali. Wana na mpango wa ufadhili wa kuwapeleka watu wapya kwenye mikutano hiyo, unaombwa mtandaoni bila kulipa chochote. Ukikutana na mtu anakutoza hela ya kukuombea huo ufadhili naye mpite.

Sasa .tz, na hapa ndo naona njia yako ilipo. ICANN haina amri juu ya nani asajili .co.tz. Domeni za nchi kila nchi ina utaratibu wake, na hapa kwetu ni mambo ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ile EPOCA, na taratibu za TCRA. Kampuni inaomba kwa rajisi, inakaguliwa nyaraka, inaonyesha uwezo wa kiufundi, inasaini mkataba, inaweka salio, afu kila jina unalosajili au kuhuisha linakatwa kwenye salio hilo kwa shilingi. Mfumo wanaotumia unaitwa FRED, umetengenezwa na wenzetu wa CZ.NIC wa Jamhuri ya Cheki, ni programu huria, kwahiyo unaweza kuishusha na kuichezea kwenye seva yako ya majaribio kabla hata hujapeleka maombi. Hili nakusisitiza kwa sababu wengi wanaandaa makaratasi vizuri afu wanakwama kwenye fundi. Kwenye FRED mwenye jina ni rekodi inayojitegemea, seva za majina ni rekodi nyingine, funguo za DNSSEC, zile za kulinda jina lisighushiwe, rekodi nyingine, afu domeni inaunganisha hizo rekodi, sasa mtu aliyezoea kubofya tu kwenye paneli ya hostingi akikutana na hilo jasho linamtoka. Fomu, vigezo na ada za sasa zichukue kwa TCRA wenyewe, usichukue za mwaka juzi kutoka kwa mtu.

Kwa hilo la sifa, kwa leo bado. Jina la biashara sio mtu mbele ya sheria, jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia, ukishtakiwa unashtakiwa wewe na nyumba yako. Mkataba wa aina hii unataka kampuni. Kufungua kampuni BRELA kunafanyika mtandaoni kwa mfumo wa ORS, sio safari ya Dar tena. Ukishapata kampuni unachukua TIN ya kampuni yenyewe na leseni ya biashara kwa jina la kampuni, unafungua akaunti ya benki ya kampuni, na hapo tafuta mhasibu wa kukaa naye ana kwa ana, wapo pale mjini, maana kodi za kampuni sio kama makadirio uliyozoea. Na kwa kuwa utashika majina, namba za simu na barua pepe za watu, unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuna kujisajili kwenye Tume yake. Kwa kweli hata sasa hivi na wateja wako sitini inakuhusu.

Katikati hapo, wakati kampuni inajengeka, kuwa wakala rasmi. Yaani ingia mkataba wa maandishi na msajili mmoja wa ICANN kwa ajili ya .com, na msajili mmoja wa Tanzania kwa ajili ya .tz, wengi wana mpango wa mawakala wenye bei ya chini kuliko unayolipa saivi. Huo mkataba wa 2013 umeweka masharti ya mawakala: usitumie nembo ya ICANN wala kujitangaza una ithibati, mteja akikuuliza msajili wake ni nani unamtajia, na masharti ya usajili anayosaini mteja yabebe yote ambayo mkataba huo unayataka na yamtaje msajili wako. Hakuna aibu kuwa wakala. Mteja wa Newala hajali nani anaandika kwa Verisign, anajali email ya chama inafanya kazi msimu wa korosho ukifunguka.

Na hapa ndo nirudi kwenye wasiwasi wangu. Umesema wote unawasajilia kwa kadi yako. Je, kwenye taarifa za mwenye jina umeandika nani? Fanya hivi leo ukimaliza kusoma: chukua domeni moja, ile ya .co.tz ya mteja unayemthamini, iangalie kwenye huduma ya whois ya .tz, ile ya kutafuta taarifa za jina lililosajiliwa. Utaona mstari wa mwenye jina, mstari wa msimamizi, seva za majina, msajili, tarehe ya kusajiliwa na ya kuisha. Kama kwenye ule mstari wa mwenye jina umekaa wewe au kaofisi kako, basi ile domeni kisheria ni yako, mwenye guest house anapanga tu bila kujua. Siku mkigombana, siku ukiugua, au Mungu apishe mbali ukifariki, yeye hana karatasi ya kudai. Kuna lodge moja pande za Lindi, fundi aliyewatengenezea alihama mji na namba akabadilisha, jina lilikuwa kwake na vikumbusho vya kulipia vilikuwa vinaenda kwenye email yake ya zamani. Ilikuwa .com. Kwa .com jina likiisha msajili anaweza kukuvumilia mpaka siku 45, akilifuta linakaa siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa, siku 5 za mwisho huwezi kuligusa, afu linarudi sokoni yeyote achukue. Wao walishtuka email za booking zimekata, na hakuna msajili ambaye angewasikiliza maana jina sio lao. Wakaishia kuchukua jina jingine na kupaka rangi upya vibao vyote mpaka cha kona ya barabarani.

Kwahiyo kabla ya kampuni, kabla ya TCRA, hamisha umiliki wa hayo majina sitini uende kwa wenyewe. Jina kamili la taasisi, namba ya simu ya ofisi yao, email ambayo wanaifungua wao na isiwe kwenye domeni ileile, maana domeni ikizima na email inazima nayo. Wewe baki kama mtu wa ufundi. Wape kikaratasi kinachosema jina lao lipo kwa msajili gani na linaisha lini. Ukija kuhamia kwa msajili mpya kumbuka .com iliyosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 haihami, unasubiri, na kwenye ile inayohama unahitaji kuifungua kufuli na kuchukua msimbo wa idhini, na .com ikihama inaongezewa mwaka mmoja ambao unaulipia, hivyo usizihamishe zote wiki moja ukajikuta huna hela ya kodi. Baadhi ya wasajili wanafunga jina siku 60 pia ukibadilisha mwenye jina, waulize kwanza, kama ndivyo hamisha msajili kwanza umiliki baadae.

Najua utasema kaka, nikiwapa umiliki si watanikimbia? Wachache watakimbia. Ila siku unapeleka maombi TCRA, na siku unamshawishi meneja wa shule anunue kwako, unaweza kumwonyesha kwa ushahidi kwamba majina ya watu yapo kwa watu. Msajili anayeaminika anajengwa na hicho, na mimi nakwambia ukweli kwamba wasajili niliowaona wakifa walikufa kwa kushikilia majina ya wateja, hawakufa kwa kukosa ithibati.

Kwa mpangilio ningekuwa mimi ndo wewe: umiliki mwezi huu, mkataba wa uwakala mwezi ujao, kampuni kabla ya mwaka kuisha, na maombi ya .tz ukishapata fundi anayeijua EPP na FRED, hata kama ni kijana kutoka chuo unamlea mwenyewe. ICANN ikae pembeni mpaka una majina elfu kadhaa au mmeungana mafundi kadhaa wa Mtwara, Masasi na Lindi mkaweka mtaji pamoja. Mkataba wowote wa kiingereza utakaoletewa, wa uwakala au wa rajisi, usiusaini kabla wakili hajaupitia mbele yako, hasa vipengele vya nani analipa ikitokea kesi na shauri linasikilizwa nchi gani.

Na ile laki tano. Usimtukane wala usimtishe kwenye WhatsApp. Mwandikie ujumbe wa kistaarabu umuombe vitu viwili, namba ya maombi ICANN na risiti ya malipo ya ICANN kwa jina lako. Hatakuwa navyo. Mpe siku saba akurudishie, kwa maandishi. Hifadhi ujumbe wa muamala wa simu, piga skrinshoti mazungumzo yote na tangazo lake kama alitangaza, usifute hata sauti alizokutumia. Siku saba zikipita nenda polisi pale Mtwara mjini na hizo nakala zikiwa zimechapishwa, waeleze ni utapeli umefanyika kwa njia ya mtandao ili wajue wakupeleke dawati gani, na namba ya simu aliyotumia ipeleke pia kwa mtandao wa simu husika na uitume kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli.